Sauti inapokatika: Koo liangaliwe kabla mtu hajatuhumiwa

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W), aliyemuumba mwanadamu na akamjaalia uwezo wa kusema na kubainisha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, miongoni mwa neema ambazo mwanadamu huzitumia kutwa kucha bila ya kuzihesabu ni neema ya sauti. Kwa sauti mama humwita mwanawe, mwalimu husomesha, mchuuzi hunadi bidhaa yake na muadhini huwaita watu kwenye Sala. Aghlabu hatuikumbuki neema hii mpaka siku itakapotutoka. Katika makala haya tumeona ni vyema tuyazungumzie maradhi ya sauti, na hasa ugonjwa mmoja ambao wenye nao si wengi, lakini dhuluma inayowafika ni kubwa, kwa kuwa wanaowasikia hudhani kwamba wanajifanya, au wana woga, au wameingiliwa na jini.

Anacheka vizuri, kwa nini hasemi vizuri?

Tuchukulie mfano wa mwalimu wa kike wa madrasa, mwenye umri wa miaka 40. Hana homa wala kikohozi. Siku moja anaona neno linamkwama kooni katikati ya sentensi, kana kwamba kuna mkono unaomkaba. Baada ya miezi michache kila sentensi inakatika mara mbili tatu, na sauti inatoka kwa kukamuliwa. Akipiga simu hali inazidi. Lakini akicheka, kicheko kinatoka safi. Akinong'ona, anasikika. Akisoma kwa lahani pamoja na wanafunzi wake, sauti inanyooka kuliko anapozungumza.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mumewe anamwambia apunguze wasiwasi. Mawifi wanasema anajidekeza, kwani mbona jana walimsikia akicheka jikoni? Jirani mwenye kumtakia kheri anamshika mkono na kumnong'oneza: "Dada, hilo si la hospitali." Wazazi wa wanafunzi nao wanaanza kuuliza kama anafaa kuendelea kusomesha. Hatimaye mwalimu huyu ananyamaza. Hapokei simu, hahudhurii harusi wala hitima, na kila anayemwona anasema amebadilika tabia.

Tunapenda msomaji azingatie jambo moja katika mfano huu, kwani ndilo kiini cha makala yetu. Ile alama ambayo jamaa wameifanya kuwa ushahidi dhidi yake, yaani kwamba anaweza kucheka na kunong'ona lakini hawezi kuzungumza, ndiyo alama ambayo tabibu mjuzi huitumia kuutambua ugonjwa wake. Wao wameiona wakamtuhumu, ilhali tabibu angeiona na akajua pa kuanzia.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Ndani ya shingo, juu ya njia ya hewa, Mola ameweka zoloto, na ndani ya zoloto kuna nyuzi mbili za sauti. Tunapovuta pumzi nyuzi hizi huachana ili hewa ipite. Tunapotaka kusema hukaribiana, na hewa itokayo mapafuni huzitikisa. Kwa mwanamume mzima hutikisika takriban mara 100 hadi 120 kwa sekunde moja, na kwa mwanamke mara 200 hivi. Misuli midogo inayozikaza na kuzilegeza hupokea amri kutoka kwenye ubongo kupitia mishipa ya fahamu.

Ugonjwa tunaouzungumzia unaitwa disfonia ya mkakamao. Nyuzi za sauti zenyewe huwa nzima, hazina kidonda wala uvimbe. Kasoro imo katika amri itokayo kwenye ubongo: pale mtu anapotaka kusema, misuli hukakamaa bila ya hiari yake. Ni ugonjwa wa jamii moja na mkakamao unaompata mwandishi ambaye vidole vyake hujikunja kila anaposhika kalamu, ingawa anashika kijiko bila ya taabu. Matabibu huyaita maradhi ya jamii hiyo distonia. Ndiyo maana kazi moja ya koo inaharibika na nyingine inasalimika.

Disfonia hii ina aina mbili kubwa. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya walio wengi, hufanya nyuzi zifungane kwa nguvu, na sauti hutoka kwa kukabwa na kukatikakatika. Ya pili hufanya nyuzi ziachane wakati zisipotakiwa kuachana, na sauti hupotea katika pumzi kama ya mtu aliyekimbia. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na aghlabu huanza katika umri wa miaka 30 hadi 50. Huzuni, uchovu na fadhaa huuzidisha, kama zinavyozidisha maradhi mengi, lakini kuzidisha ugonjwa ni jambo moja na kuusababisha ni jambo jingine.

Madaktari nao walidhani ni maradhi ya nafsi

Isidhaniwe kwamba wanaokosea ni watu wa mitaani peke yao. Ugonjwa huu ulielezwa na tabibu wa Kijerumani, Ludwig Traube, mwaka 1871. Kwa muda wa karibu miaka 100 baada ya hapo, madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliuhesabu kuwa ni maradhi ya nafsi, na wagonjwa wakapelekwa kwa watabibu wa akili. Mwaka 1968 Arnold Aronson na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walionyesha kwamba wagonjwa hawa wanafanana na wenye maradhi ya mishipa ya fahamu, na kwamba hapakuwa na sababu ya kuwahesabu kuwa ni wagonjwa wa akili.

Hata baada ya kujulikana hayo, safari ya mgonjwa ilibaki kuwa ndefu. Uchunguzi uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2015 ulionyesha kwamba, tangu mgonjwa alipokwenda kwa daktari mara ya kwanza hadi alipoambiwa jina la ugonjwa wake, ilipita miaka zaidi ya 4 kwa wastani, na alikuwa amepita mikononi mwa madaktari karibu 4. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi yenye vifaa tele, basi sisi tunapaswa kuzichunga zaidi ndimi zetu tunapomhukumu mgonjwa kwa kumsikia barabarani.

Miongoni mwa watu mashuhuri waliofikwa na ugonjwa huu ni Diane Rehm, mtangazaji wa redio wa Washington, ambaye aliambiwa jina la ugonjwa wake mwaka 1998. Mtu ambaye riziki yake ni sauti akapatwa na ugonjwa wa sauti. Kwa msaada wa tiba aliendelea na kipindi chake hadi Desemba 2016. Robert F. Kennedy Mdogo, aliyeapishwa Februari 2025 kuwa Waziri wa Afya wa Marekani, naye ameeleza hadharani kwamba sauti yake ya kukwaruza inatokana na ugonjwa huuhuu.

Namna tabibu anavyoutambua

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayoweza kusema peke yake kwamba huu ndio ugonjwa. Hutambuliwa kwa sikio na kwa jicho. Kwa jicho, daktari bingwa wa masikio, pua na koo hupitisha kamera nyembamba puani, akazitazama nyuzi za sauti wakati mgonjwa anazungumza. Kuzitazama nyuzi hizi si jambo geni. Mwaka 1854 mwalimu wa uimbaji, Manuel Garcia, alitumia kioo kidogo na mwanga wa jua akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi.

Kwa sikio, mtaalamu humtaka mgonjwa aseme sentensi zilizochaguliwa, avute irabu kwa muda mrefu, anong'one, acheke na aimbe. Kwa wasemao Kiingereza huwataka wahesabu kutoka 80 hadi 89, kisha kutoka 60 hadi 69. Sauti ikikwama zaidi katika hesabu ya kwanza, ambayo imejaa irabu na sauti za mtetemo, hiyo ni dalili ya aina ya kukabwa. Ikipotelea katika hesabu ya pili, yenye herufi nyingi za pumzi, hiyo ni dalili ya aina ya kuachana.

Waliosoma tajwidi hawatakiona kigeni kipimo hiki. Tangu zama za Sibawayhi, katika karne ya 2 Hijria, wanazuoni wetu waliziganya herufi katika za jahri, ambazo pumzi huzuiliwa, na 10 za hamsi, ambazo pumzi hupita nazo, kama vile sini, shini, ha na fa. Mgawanyo huo unakaribia sana huu unaotumiwa na matabibu wa leo. Naye Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika risala kuhusu sababu za kutokea kwa herufi na ndani yake akaeleza umbile la zoloto. Kulichunguza koo kwa elimu, basi, ni katika mwendo wa wanazuoni waliotutangulia.

Si kila sauti iliyokauka ni ugonjwa huu

Hapa tunamtahadharisha msomaji asiharakishe kujipa jina la ugonjwa. Sauti hukauka kwa sababu nyingi, na nyingi zake ni nyepesi. Mafua huvimbisha nyuzi kwa siku chache kisha hupoa. Walimu, waadhini, makondakta na wachuuzi wanaopiga kelele kila siku hupata vinundu kwenye nyuzi, na dawa yake ya kwanza ni kupumzika na kufundishwa namna ya kutumia sauti. Wapo ambao misuli ya shingo yao imezoea kujikaza, na hawa hufanana sana na wenye disfonia ya mkakamao, lakini hutibika kwa mazoezi. Asidi inayopanda kutoka tumboni, kifua kikuu kilichofika kooni, mshipa wa fahamu uliojeruhiwa katika upasuaji wa tezi ya shingo, na saratani ya zoloto, vyote hivi huweza kuanza kwa dalili moja tu: sauti iliyobadilika.

Kwa ajili hiyo, mwongozo wa mabingwa wa masikio, pua na koo wa Marekani, uliotolewa upya mwaka 2018, unasema kwamba sauti iliyoharibika ikipita wiki 4 bila ya kupona, koo litazamwe kwa kifaa. Wala mtu asingoje wiki hizo ikiwa anavuta sigara, ana uvimbe shingoni, anameza kwa taabu, anatema damu, anakoroma anapovuta pumzi, au sauti imepotea baada ya upasuaji. Mwongozo huohuo unawakataza madaktari kumpa mgonjwa antibayotiki kwa mazoea tu kwa sababu sauti yake imekauka. Saratani ya zoloto inayoanzia kwenye nyuzi za sauti hujitangaza mapema kwa kukwaruza sauti, na ikikamatwa mapema mara nyingi hutibika. Mwenye kuikawiza kwa miezi akibadilisha vidonge vya dukani huipoteza fursa hiyo.

Tuliseme pia suala la kukata kimeo. Wapo katika nchi zetu za Afrika Mashariki wanaowapeleka watoto wao, na hata watu wazima, kwa wakataji wa kienyeji kila koo linaposumbua. Kimeo kinaning'inia nyuma ya kinywa, na nyuzi za sauti zimo chini yake, ndani ya zoloto. Kukikata hakuzigusi nyuzi hizo, bali humletea mtu hatari ya kuvuja damu, kuoza kwa kidonda na pepopunda. Kadhalika asali, tangawizi na yai bichi hupita katika njia ya chakula, wala haviziteremkii nyuzi za sauti. Asali ina baraka yake na huliwaza koo, lakini haiondoi mkakamao.

Tiba iliyopo

Tumshukuru Mola kwamba matabibu hawakubaki mikono mitupu. Mwaka 1976 daktari mpasuaji wa San Francisco, Herbert Dedo, alieleza namna alivyoukata mshipa mmoja wa fahamu unaokwenda kwenye zoloto. Wagonjwa walipata nafuu ya haraka, lakini baada ya miaka michache ugonjwa uliwarudia wengi wao. Mwaka 1984 Andrew Blitzer wa New York aliingia katika njia nyingine, nayo ni kudunga kiasi kidogo mno cha sumu ya botulini ndani ya misuli ya zoloto. Sumu hii, inayotengenezwa na kijidudu, huua ikiingia mwilini kwa wingi kupitia chakula kilichoharibika, lakini kwa kipimo cha tabibu huulegeza msuli uliokakamaa.

Sindano hupitishwa mbele ya shingo. Katika siku za mwanzo sauti huwa ya pumzi, na mgonjwa huweza kupaliwa na maji, kwa hiyo hushauriwa anywe kidogokidogo. Baada ya wiki moja au mbili hali hiyo hupungua na sauti hunyooka, kisha nafuu hudumu kwa takriban miezi 3 hadi 4, ndipo sindano irudiwe. Kwa hivyo hii ni tiba ya kumsitiri mgonjwa, wala haiung'oi ugonjwa. Wenye aina ya kukabwa hufaidika zaidi kuliko wenye aina ya kuachana. Pamoja na sindano, mazoezi ya mtaalamu wa sauti huongeza manufaa. Zipo pia operesheni, kama ile ya Nobuhiko Isshiki wa Kyoto, Japani, ya kuutanua mfupa laini wa zoloto ili nyuzi zisibanane, na ile ya Gerald Berke wa Los Angeles, ya kuukata mshipa wa fahamu unaokaza na kuunganisha mwingine mahali pake.

Huenda msomaji akauliza: hii si ile Botox wanayojidunga watu usoni kuficha makunyanzi? Dawa ni hiyohiyo, lakini makusudio ni mbalimbali. Kumrejeshea mgonjwa uwezo wa kusema ni tiba, na dini yetu imehimiza kujitibu. Ama kuhusu funga, Jumuiya ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, iliamua kwamba sindano ya misuli isiyokuwa ya lishe haiharibu saumu. Lakini mgonjwa anayepaliwa na anayehitaji kunywa ana ruhusa yake, na anayeweza kupanga tarehe yake nje ya Ramadhani atakuwa ameepuka taabu.

Wajibu wa familia na msikiti

Hatuwakatazi watu kusomewa ruqya. Dua ni silaha ya muumini, na Qur'an ni shifaa. Tunachokataza ni kuifanya ruqya kuwa kisingizio cha kutokwenda kwa tabibu, na zaidi ya hapo, kumpiga mgonjwa, kumfukiza moshi kooni au kumlazimisha akiri mambo asiyoyajua. Kumdhania muumini mwenzako uongo bila ya ushahidi ni dhambi, hata kama dhana hiyo imevikwa nguo ya huruma.

Katika kisa cha Nabii Musa (A.S) alipotumwa kwa Firauni tunajifunza adabu kubwa. Alimwomba Mola wake amfungulie fundo katika ulimi wake, na hapohapo akaomba apewe nduguye Harun awe msaidizi wake, kwa kuwa alikuwa fasaha zaidi. Aliomba wepesi na aliomba mwenza, akapewa vyote viwili. Wala upungufu wa ulimi haukumwondolea daraja yake.

Basi kila mwenye maradhi ya sauti anamhitaji Harun katika nyumba yake. Mume asimnyang'anye mkewe maneno mdomoni, bali angoje amalize. Watoto wafundishwe kwamba mama hajakasirika. Simu ya hospitali apige mwingine, na ujumbe wa maandishi utumike pale sauti inapokataa. Kamati ya msikiti isimwondoe imamu au muadhini wake kwa minong'ono. Impe mtu wa kumsaidia na imsaidie kufika hospitali. Mwenye kushindwa kupaza sauti katika Sala ana udhuru, na mafakihi wamezikubali hata ishara za bubu zinazofahamika katika ndoa na mikataba. Sharia haikumfungia mlango mtu huyu, basi nasi tusimfungie.

Kwa aliye Tanzania au Kenya, njia ni kuanzia zahanati au hospitali ya wilaya na kuomba barua ya rufaa kwa bingwa wa masikio, pua na koo. Hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza na Kenyatta ya Nairobi zina idara za fani hii. Mgonjwa aende na maelezo yaliyoandikwa: sauti ilianza kuharibika lini, inakatika katika maneno gani, na je, anaweza kucheka, kunong'ona na kusoma kwa lahani? Asilifiche hilo la mwisho kwa kuogopa kuambiwa anajifanya. Alitaje mwanzo, kwani ndilo litakalomsaidia tabibu.

Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu, azifungue ndimi zilizofungika, na azihifadhi ndimi zetu sisi tulio wazima zisiwadhulumu. Amin. Wallahu a'lam.